Viti vya sinema ya nyumbani kwenye chumba chenye umbo lisilo la kawaida: dalili, chanzo na marekebisho

Nyumba nyingi za Nakuru, Kisumu na Kakamega hazina chumba kilichojengwa mahsusi kwa sinema. Kinachopatikana ni sebule yenye umbo la L iliyoshikana na sehemu ya kulia, au sebule ya bungalo yenye dirisha lililochomoza nje kama nusu duara. Pengine ni chumba cha juu chini ya mabati ambako dari inashuka ubavuni, au chumba chenye ukuta mmoja wa mshazari kwa sababu ploti yenyewe iko kwenye kona ya barabara. Hapo ndipo watu huamua kununua viti vya vipande: kila kiti, kila mkono na kila kona hujitegemea, huunganishwa chini kwa vibanio, na huweza kupangwa upya.

Shida ni kwamba karibu kila mtu huvipanga kwa kufuata ukuta. Chumba kina pembe tano, basi viti navyo hupewa pembe tano. Dalili nyingi zilizo hapa chini zina mzizi huo mmoja. Viti vya sinema hupangwa kuanzia macho ya mtazamaji hadi kwenye skrini, kisha miguu, kisha njia ya kupita. Ukuta huja mwisho, na nafasi inayobaki nyuma ya kiti kwenye ukuta wa mshazari ni ya taa, rafu au spika.

Dalili: vipimo vilichukuliwa, lakini safu imezidi nafasi

Chunguza kwanza lugha ya vipimo kati yako na fundi. Maseremala wengi hupima kwa futi na inchi, na neno "pointi" lina maana mbili. "Futi saba pointi kumi" kwa fundi ni futi 7 na inchi 10, yaani karibu sm 239. Ukiandika 7.10 kwenye simu na mwingine akaisoma kama desimali, anapata futi 7.1, ambayo ni sm 216. Hapo umepoteza sm 22 kabla mbao haijakatwa. Andikianeni kwa sentimita tu, na umwombe fundi akusomee tena kila namba akiwa ameshika tepu.

Chanzo cha pili ni mahali tepu ilipowekwa. Sketi ya vigae hutoka ukutani sentimita moja hivi kila upande, na plasta mara nyingi haiko wima. Pima upana kwa vimo vitatu: sm 5 kutoka sakafuni, sm 60 ambapo mikono ya viti itakuwa, na sm 100 ambapo egemeo litafika. Fanya kazi na kipimo kidogo kuliko vyote.

Cha tatu ni kudhani kwamba pembe ni mraba. Kwenye kila kona, weka alama sm 90 kwenye ukuta mmoja na sm 120 kwenye wa pili, kisha pima kati ya alama hizo. Ikitoka sm 150 kamili, pembe ni ya digrii 90. Ikizidi, kona imefunguka, ikipungua, imebana. Kwa chumba chenye pembe nyingi, chagua ukuta mmoja ulionyooka, weka alama mbili A na B karibu na ncha zake, na upime kutoka A na kutoka B hadi kila kona ya chumba. Vipimo hivyo viwili kwa kila kona vinatosha kuchora chumba chote kwa bikari kwenye karatasi ya grafu, sm 1 ikisimama badala ya sm 20. Dirisha la nusu duara lipime kwa kamba: ivute kutoka ncha hadi ncha ya mdomo wake, kisha kila baada ya sm 20 pima kina kutoka kwenye kamba hadi ukutani.

Cha nne hakionekani kwenye mchoro. Kipande kinachosemwa kuwa cha sm 60 mara nyingi kimepimwa kwenye fremu ya mbao. Sponji na kitambaa huongeza nusu sentimita hadi sentimita moja kila ubavu. Vipande vitano vikikaa bega kwa bega huweza kufika sm 305 hadi 310 badala ya 300. Mwambie fundi kipimo unachotaka ni cha kiti kilichokwisha kuvalishwa, na safu ikiwa kati ya kuta mbili acha nafasi ya sm 5.

Kama viti vimeshafika na vimezidi, usikimbilie kukata fremu. Ondoa mkono mmoja wa katikati. Viti vinne vya sm 56 vyenye mikono mitano ya sm 18 huchukua sm 314. Wawili wa katikati wakikaa pamoja bila mkono kati yao, safu inashuka hadi sm 296.

Kabla ya kulipa amana, kata magazeti au katoni kwa umbo halisi la kila kipande, kiti cha kulala nyuma kikiwa kimefunguliwa sehemu ya miguu, na uyabandike sakafuni kwa selotepu. Yaache siku mbili. Fungua milango yote, vuta mapazia (yanahitaji sm 15 hadi 20 kutoka ukutani), mtu abebe sinia la chai akipita kutoka jikoni. Zoezi hili huonyesha makosa ambayo hakuna mchoro utakaoyaonyesha.

Dalili: kiti hakipiti mlangoni au kwenye ngazi

Kiti cha kulala nyuma kikiwa kizima kina upana wa karibu sm 90, na mlango wa ndani wenye fremu ya sm 80 hubakiza chini ya hapo bawa la mlango likiwa bado kwenye bawaba. Ng'oa bawa kwanza. Kisha angalia nyuma ya kiti, chini ya kitambaa kinachoning'inia: egemeo la viti vingi vya aina hii hukaa kwenye reli mbili zenye vilimi vya chuma. Inua vilimi kwa bisibisi bapa, vuta egemeo juu, nalo linatoka. Kwa mezoneti, pima kona ya ngazi pale inapogeuka, si upana wa ngazi peke yake. Ukiagiza kwa fundi wa soko la Kibuye, Kisumu, au kwingine, sharti liwe hili: hakuna kipande kinachozidi sm 75 kwa upande wake mfupi, na mikono ifungwe kwa boliti, isigundishwe.

Dalili: shingo inauma, au wanaokaa upande mmoja wanaona picha imefifia

Hii ndiyo shida kuu ya chumba cha L. Watu hununua seti ya kona, wanaisukuma kwenye kona, na nusu ya familia inakaa ubavu kwa skrini. Anayekaa kwenye kipande cha kona chenyewe ndiye anayeumia zaidi: kiti kinaangalia katikati ya chumba, magoti yake yanagongana na ya jirani, na hana pa kunyoosha miguu.

Anza na umbali. Kwa skrini ya 16:9, macho yakae kati ya mara 1.2 na mara 1.6 ya ulalo wake (kipimo cha kona hadi kona). TV ya inchi 55 (ulalo sm 140) inataka sm 168 hadi 225 hivi. Ya inchi 65 (sm 165) inataka sm 198 hadi 265. Ya inchi 75 (sm 190) inataka sm 228 hadi 305. Projekta yenye picha ya inchi 100 inataka sm 305 hadi 405. Pima hadi machoni. Macho ya aliyekaa wima huwa karibu sm 30 mbele ya mgongo wa nje wa kiti.

Halafu pembe. Piga mstari wa chaki kutoka chini ya katikati ya skrini kuja moja kwa moja mbele. Kwa kila sm 100 unayosogea mbele, nenda sm 58 kushoto na sm 58 kulia, uweke alama. Ukiunganisha alama hizo unapata kabari ya digrii 30 kila upande. Viti vyote vya watazamaji viwe ndani yake. Nje ya hapo TV nyingi za paneli za VA (aina mojawapo ya paneli za LCD) hupoteza weusi na rangi, na hakuna marekebisho ya menyu yatakayorudisha. Ndani ya hiyo kuna kabari nyembamba zaidi: sm 27 kwa kila sm 100, ambayo ni digrii 15. Anayekaa humo anaweza kukaa ametazama mbele tu saa mbili bila kugeuza shingo sana. Anayekaa kati ya digrii 15 na 30 kiti chake lazima kigeuzwe kielekee skrini.

Kwa chumba cha L, hilo humaanisha kuvunja ile L. Toa kipande cha kona ukiweke kwingine kama kiti cha kusomea. Mkono mrefu wa L ubaki ukiikabili skrini, na vipande viwili vilivyokuwa kwenye mkono mfupi vigeuzwe vielekee skrini, vikiachana na safu kwa njia ya sm 60. Kama mkono mfupi hauwezi kuingia ndani ya kabari ya digrii 30 hata baada ya hapo, ukubali kuwa hapo si mahali pa sinema. Weka meza ya chakula au kitanda cha mchana. Kushikilia kwamba kila mtu aliye ndani ya chumba lazima aione skrini ndiko kunakoharibu viti vya wale ambao wangeiona vizuri.

Picha ikififia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni peke yake, si pembe, ni jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta (mstari wenyewe unapita Maseno), kwa hiyo mwaka mzima jua huzama upande wa magharibi, bila kupita digrii 23 na nusu hivi kaskazini au kusini mwa magharibi kamili, na dirisha la magharibi halipati nafuu msimu wowote. Skrini isilikabili dirisha hilo wala isikae mbele yake. Iwe kwenye ukuta wa kaskazini au kusini.

Dalili: safu iliyopinda ina mianya, au viti vinaangalia mahali pasipo na skrini

Safu ya mviringo hutengenezwa kwa mikono yenye umbo la kabari: mipana nyuma, myembamba mbele. Watu huzinunua kwa macho. Hesabu yake ni fupi na inafaa kufanywa kabla ya kuagiza.

Chukua upana wa nyuma wa kabari, toa upana wa mbele, gawanya kwa kina chake, zidisha kwa 57.3 ili upate digrii. Kabari ya sm 30 nyuma, sm 15 mbele, yenye kina cha sm 90: 15 ÷ 90 × 57.3 ni digrii 9.5. Viti vinne vina kabari tatu, hivyo safu nzima imepinda digrii 28 na nusu hivi.

Sasa tafuta viti vinaelekea wapi. Kutoka katikati ya kiti kimoja hadi katikati ya kingine ni upana wa kiti (tuseme 56) na upana wa wastani wa kabari (22.5), jumla sm 78.5. Gawanya kwa ile 15/90, yaani 0.167, unapata karibu sm 470. Viti vyote vinakutanisha macho sm 470 mbele. Skrini yako ikiwa sm 470, safi. Ikiwa sm 300, viti vinaangalia ukuta ulio nyuma ya TV. Hilo linavumilika, kwa sababu shingo hugeuka kidogo tu. Hali mbaya ni kinyume chake: kabari kali mno kwa chumba kirefu, ambapo viti vya pembeni vinatazamana na katikati ya zulia. Ili ikutane na skrini ya sm 300 barabara, kabari ingehitaji tofauti ya sm 24 hivi kati ya nyuma na mbele, na hapo nyuma inakuwa pana kupita kiasi. Kwa vyumba vingi, tofauti ya sm 12 hadi 16 inatosha.

Mianya ikitokea mbele huku nyuma pamebana, kabari zimewekwa kinyume au zimechanganywa na mikono ya kawaida. Mianya ikitokea nyuma, sakafu haiko sawa: weka timazi ya maji juu ya fremu na uinue miguu inayorekebishika, si kukaza boliti zaidi.

Kuna kosa moja la dirisha la nusu duara linalostahili kutajwa peke yake. Watu hupinda safu ili ifuate mkunjo wa dirisha, mgongo wa viti ukiwa kwenye kioo. Mkunjo wa dirisha una nusu kipenyo cha sm 150 hivi, na safu inayofuata mkunjo huo huelekeza kila kiti mahali palipo sm 150 mbele, karibu na magoti ya waliokaa. Safu iwe nyoofu au ipindwe kidogo mbele ya mdomo wa dirisha, na lile tumbo la dirisha liachwe kwa mimea na mapazia.

Dalili: egemeo linagonga ukuta, au hakuna anayeweza kupita

Kiti cha kulala nyuma cha kawaida kinahitaji sm 25 hadi 45 nyuma yake. Kile kinachoteleza mbele kinapofunguka kinahitaji sm 5 hadi 15 tu. Muulize muuzaji akifungue mbele yako na upime mwenyewe, kwani maneno ya kwenye lebo hayatoshi. Kikiwa wazi kabisa, urefu kutoka egemeo hadi unyayo ni sm 160 hadi 180.

Mfano wa chumba kifupi: TV ya inchi 65, macho sm 265, mgongo wa kiti sm 295 kutoka skrini. Kiti kinachoteleza mbele kikifunguka hadi sm 165, nyayo zinafika sm 130 kutoka skrini. Meza ya TV ya sm 40 inabakiza njia ya sm 90, nzuri kabisa. Kiti cha kawaida hapo kingelazimika kusogea mbele sm 30, na wewe ukapoteza umbali wa macho ili tu kulinda plasta.

Kwenye ukuta wa mshazari, kona moja ya egemeo hufika kabla ya nyingine. Pima kutoka kwenye kona hiyo, kiti kikiwa kimefunguliwa. Njia ya kupita iwe sm 60 angalau, sm 90 kama ndiyo njia ya kwenda jikoni au chooni. Nguzo katikati ya chumba isizungukwe na viti. Ifanye iwe mwisho wa safu, na mkono wa kiti ukae sm 5 kutoka kwayo.

Dalili: safu ya nyuma inaona vichwa

Jukwaa limejengwa kwa kukisia. Hesabu inahitaji vipimo vinne: kimo cha ukingo wa chini wa picha, kimo cha macho yaliyokaa (chukua sm 100, au upime), umbali wa macho ya safu ya mbele hadi skrini, na wa safu ya nyuma. Juu ya macho, kichwa huongeza sm 12.

Tuseme safu ya mbele iko sm 250, ya nyuma sm 430, na ukingo wa chini wa picha uko sm 70. Kichwa cha mbele kiko sm 112. Toa 70, inabaki 42. Zidisha kwa 430 ÷ 250, yaani 1.72, unapata 72. Rudisha 70: macho ya nyuma yawe sm 142, hivyo jukwaa ni sm 42. Hilo ni jukwaa refu mno. Sasa inua picha, ukingo wa chini uwe sm 90: 22 × 1.72 ni 38, jumlisha 90 ni 128, jukwaa ni sm 28. Kuinua TV sm 20 kumepunguza mbao sm 14, na aliye mbele anainua macho digrii 7 tu hadi katikati ya picha ya inchi 65. Njia nyingine ya kupunguza zaidi ni kusogeza safu ya nyuma nusu kiti pembeni, kila mtu aone kati ya vichwa viwili.

Jukwaa la viti vya kulala nyuma liwe na kina cha sm 180 hadi 200. Fremu ya mbao za 2 kwa 6, mihimili kila sm 40, juu plaiwudi ya milimita 18, iliyokazwa kwa skrubu na gundi. Misumari peke yake hulegea na kulia kila mtu akijigeuza. Huku magharibi mwa Kenya mbao zitiwe dawa ya mchwa kabla ya kufunikwa, hasa ncha zilizokatwa. Hatua ya sm 28 ni ndefu kwa mguu gizani: weka ngazi ya kati ya sm 14 yenye kukanyagia sm 28.

Hapa kanuni ya ukuta inageuka. Viti visifuate ukuta, lakini jukwaa lazima lifuate. Jukwaa la mraba kwenye chumba cha mshazari huacha pembetatu tupu ambamo mguu wa mtoto au wa mgeni utatumbukia. Kata plaiwudi ifike ukutani kote, ukiacha milimita 10 za kupumua, ufunike kwa zulia.

Wengine hujaza mchanga ndani ili jukwaa lisitoe mlio. Kwenye sakafu ya chini ni sawa. Ghorofani usithubutu: mchanga mkavu wa kina cha sm 15 una uzito wa kilo 240 kwa mita ya mraba, na slabu za nyumba za kuishi husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba kabla hujaweka viti na watu. Tumia mablanketi ya pamba ya glasi au magunia yaliyokunjwa.

Dalili: besi inanguruma kwa mmoja na kupotea kwa mwingine

Kiti kilichobandikwa kwenye ukuta wa nyuma husikia besi nzito kupita kiasi; kilicho kwenye kona husikia zaidi. Kilicho katikati kabisa ya urefu wa chumba hupoteza noti fulani: kwa chumba cha mita 5 ni karibu 34 Hz, kwa cha mita 4 ni karibu 43 Hz. Sogeza safu sm 60 hadi 100 kutoka ukutani na uikwepe nusu ya chumba.

Kisha tafuta mahali pa wufa (spika ya besi) kwa njia ya kinyume: iweke juu ya kiti kikuu, cheza muziki wenye besi ya mfululizo, utembee kando ya kuta ukiinama sikio karibu na sakafu. Pale besi inaposikika sawasawa ndipo wufa itakapokaa. Kwenye chumba cha L jaribu pia ile kona ya ndani inayochomoza.

Ukuta wa duara hufanya kama kioo cha kurunzi: sauti inayotoka mbali hukusanyika nusu ya nusu kipenyo kutoka ukutani. Dirisha la nusu kipenyo cha sm 150 hukusanya sauti sm 75 hivi mbele ya kioo, na kiti kilichowekwa hapo husikia mwangwi mkali. Sogeza kiti, au weka pazia zito lenye mikunjo mingi.

Dalili: vipande vinaachana

Sakafu ya vigae ndiyo chanzo. Kibanio cha chuma kinachofaa kina mdomo kwenye kipande kimoja na ulimi kwenye cha pili. Weka viwili kwa kila maungio, kimoja sm 15 kutoka mbele na kingine sm 15 kutoka nyuma. Kimoja cha katikati huruhusu vipande kuzunguka. Chini ya kila mguu bandika mpira wa milimita 3 hadi 5. Velkro hushika mito, haishiki fremu.

Dalili: kiti kinabonyea, ngozi inamenyuka, fremu inalia

Kubonyea kabla ya mwaka kwisha ni sponji nyepesi. Usitegemee neno "nzito" dukani, pima. Kipande cha sm 60 kwa 60 kwa 10 chenye msongamano sahihi wa kilo 30 kwa mita ya ujazo kina uzito wa kilo 1.08. Kikisoma gramu 650 kwenye mizani, hiyo ni ya kilo 18, inafaa egemeo tu. Mto wa kukalia uwe sm 12 hadi 15, juu ya springi za zigizaga nne au tano kwa kiti kimoja.

Ngozi bandia yenye utando wa poliyurethani humenyuka kama ganda kwa sababu unyevu na joto huvunja utando wenyewe, na Kisumu ina vyote viwili. Hakuna rangi itakayookoa. Reksini ya PVC haimenyuki hivyo, lakini hukauka na kupasuka kwenye jua la dirishani. Kando ya ziwa, kitambaa kilichofumwa hudumu na hakigandi mgongoni usiku wa joto. Nakuru, ambako usiku ni wa baridi na vumbi la udongo wa volkano huingia kila pahali, chagua kitambaa chenye ufumo mkaza na mifuniko yenye zipu, ukisafishe kwa brashi laini kila wiki. Vumbi hilo lina chembe kali zinazokata nyuzi.

Fremu inayolia imetengenezwa kwa mbao mbichi. Saiprasi ikikauka baada ya kuungwa hujikunja na maungio hufunguka. Kabla ya kazi kuanza, omba kipande cha mbao hiyo, kipime uzito, kiache ndani juma moja, kipime tena. Kikipungua uzito waziwazi, mbao isubiri.

Chumba cha chini ya paa

Dari iwe angalau sm 150 juu ya sakafu pale mgongo wa kiti ulipo, na sm 200 pale nyayo zinapokanyaga mtu anaposimama, kwa sababu kichwa husogea mbele kabla ya kupanda. Viti viwe na mgongo mfupi, na visiwe vya kulala nyuma upande wa dari fupi. Kelele ya mvua kwenye mabati haitatuliwi na viti. Inataka dari yenye pamba ya glasi juu yake.

Dalili: kiti cha mota hakifunguki au hakirudi

Adapta nyingi za viti hivi hutoa volti 29 za DC. Soma upande wa kuingizia: ikiandikwa 100–240V iko sawa kwa stima yetu ya 240V, ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke. Taa ya adapta ikiwaka na kiti hakiendi, badilisha adapta na ya jirani. Kikienda, adapta ndiyo imekufa. Kisipoenda, lala chini ufuate waya kutoka adapta hadi mota; mara nyingi umebanwa na mkono wa chuma wa kiti, hasa pale vipande viliposogezwa kufuata pembe ya chumba na waya ukabaki mfupi. Urefushe, ufunge kwenye fremu kwa vifungo vya plastiki, mbali na bawaba.

Stima ikipotea kiti kikiwa wazi, angalia chini ya adapta: nyingi zina kisanduku cha betri mbili za volti 9 zinazotosha kukirudisha mara moja. Ziweke mpya, na uzibadilishe kila baada ya kuzitumia. Kama njia pekee ya kutoka chumbani hupita mbele ya kiti hicho, chagua chenye kamba au mpini wa mkono badala ya mota.